Ujerumani Si Anwani: Kukitafuta Kijiji cha Wahenga Waliovuka Kwenda Marekani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu,

Mtu anayetafuta asili ya ukoo wa Kijerumani uliohamia Marekani huja na maneno matatu: "Babu alitoka Ujerumani." Ni kweli, ila hayamfikishi popote. Ujerumani si anwani. Dola moja ya Ujerumani ilizaliwa mwaka 1871. Aliyepanda meli mwaka 1854 aliondoka katika ufalme wa Prussia, au wa Bavaria, Württemberg, Sachsen au Hannover, au katika tawala za Baden, Hessen na Mecklenburg, na kila utawala ulikuwa na sheria zake, makarani wake na vitabu vyake. Hata leo hakuna ofisi moja mjini Berlin yenye daftari la wote waliozaliwa Ujerumani katika karne ya 19. Kumbukumbu ziko chini ya jina la kijiji: usharika fulani, ofisi fulani ya vizazi na vifo. Bila jina la kijiji, hata mtunza nyaraka mwenye moyo mwema kuliko wote hawezi kukusaidia.

Neno letu leo, basi, ni hili: tafuta kijiji kwanza, na ukitafute huko huko Marekani. Wengi hufanya kinyume. Wanaandika "Johann Müller, 1830" kwenye tovuti ya kumbukumbu za Ujerumani, wanapata Johann Müller mia moja, wanamchagua anayewapendeza, kisha wanamjengea ukoo wa vizazi sita. Ukoo huo ni wa watu wengine.

Baadhi yenu mna wajukuu ambao babu mmoja ni wa Rungwe na babu wa pili ni wa Wisconsin. Upande wa Rungwe mtoto akiuliza, kuna shangazi wa kumjibu. Upande wa Wisconsin mara nyingi kuna ukimya, na ukimya huo una historia. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoifikia Marekani, Kijerumani kiligeuka lugha ya kushukiwa. Mwaka 1918 gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni shuleni, ibadani, hadharani, hata kwenye simu. Koo zilizosali kwa Kijerumani kwa miaka 60 ziliacha ghafla, na watoto hawakuambiwa tena jina la kijiji. Kwa hiyo msiwalaumu wazee kwa kusahau. Walifundishwa kunyamaza.

Tuanzie nyumbani basi, kwenye sanduku la bibi, kabla ya kufungua kompyuta. Wahamiaji wengi walibeba karatasi: cheti cha ubatizo (Taufschein), cheti cha kipaimara (Konfirmationsschein), hati ya uraia wa kijiji (Heimatschein), pasi ya safari. Karatasi hizi zinaonekana chafu na hakuna mtu nyumbani anayeweza kuzisoma, ndiyo maana hutupwa mtu akifa. Zuieni hilo. Biblia ya familia ifunguliwe kurasa zake za katikati na za mwisho, ambako ndoa na vizazi viliandikwa. Picha za kale zigeuzwe nyuma, kwa kuwa mpiga picha alichapa jina la studio na mji wake kwenye kadi. Picha ya mama aliyebaki Ulaya ikiwa na muhuri wa mji mdogo, kijiji hakiko mbali na hapo.

Baada ya sanduku ndiyo sensa. Sensa ya Marekani ya 1850 ni ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru katika kaya. Zilizotangulia zilimtaja mkuu wa kaya na kuwahesabu wengine tu. Ya 1880 iliuliza pia walikozaliwa baba na mama. Ya 1890 karibu yote iliangamia kutokana na moto wa 1921 mjini Washington, na hasara hiyo inawauma watafuta Wajerumani kuliko wengine, kwa sababu mwaka 1882 peke yake waliingia takribani 250,000. Ya 1900 ni ya thamani: inatoa mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufika, na hali ya uraia kwa herufi mbili. "Na" ni aliyekwisha kupewa uraia, "Pa" ni aliyeweka hati ya nia ya kuwa raia, "Al" ni mgeni bado. Ya 1910 na 1920 nazo zinauliza mwaka wa kufika, na majibu ya mtu mmoja yakitofautiana kwa miaka mitatu au minne msishangae; tafuta katika miaka yote hiyo. Sensa hufunguliwa baada ya miaka 72, kwa hiyo ya 1950 imekuwa wazi tangu 2022.

Karani wa sensa hakuandika kijiji, lakini mwaka 1860 na 1870 mara nyingi aliandika utawala, na hapo pana mitego. "Prussia" ilienea kutoka mto Rhein hadi mpakani na Urusi. "Hanover" inaweza kuwa mji au ufalme mzima, na baada ya 1866 ufalme huo ukawa mkoa wa Prussia, ndiyo maana mtu yule yule huandikwa Hanover mwaka 1860 na Prussia mwaka 1870 bila kosa la mtu yeyote. "Hesse" bila neno la pili haitoshi, kwa maana Hessen-Darmstadt na Hessen-Kassel zilikuwa tawala mbili. "Bavaria" ndiyo huwapotosha watu wengi zaidi. Ufalme wa Bavaria ulimiliki pia Pfalz, nchi ya mizabibu ng'ambo ya Rhein, mbali na München, na wahamiaji wengi mno wa "Bavaria" walitoka huko. Kallstadt ni kijiji cha Pfalz: ndiko alikotoka baba yake Henry J. Heinz, mwenye kiwanda cha tomato sosi, na ndiko alikozaliwa mwaka 1869 Friedrich Trump, babu wa Donald Trump. Anayewatafuta katika milima ya Alps kwa sababu karani aliandika Bavaria atamaliza miaka bure.

Sasa, ni hati gani za Marekani zinazotaja kijiji? Tungeambiwa tuchague moja tu, tungechagua kitabu cha kanisa la Kijerumani kule Marekani. Mchungaji wa Kilutheri wa Missouri au padri wa Cincinnati alikuwa Mjerumani mwenzao. Alijua maana ya Oberamt na Kreis, yaani wilaya, akajua kuyaandika majina ya vijiji. Karani wa kaunti alitosheka na neno "Germany". Mchungaji, wakati wa kuzika, aliandika "gebürtig aus", yaani mzaliwa wa, kisha kijiji na wilaya. Na msiishie kwenye kitabu cha mazishi cha babu mwenyewe. Someni ndoa zake zote, ubatizo wa kila mtoto, mazishi ya mkewe na ya ndugu zake. Mtoto wa saba anaweza kuwa ndiye aliyeandikiwa vizuri. Usharika ukiwa umefungwa, vitabu vyake huhamia usharika jirani au makao ya nyaraka ya dhehebu. Kwa Sinodi ya Missouri, kanisa la Kilutheri lililoanzishwa mwaka 1847, makao hayo yako St. Louis. Ili kujua usharika wenyewe, tazama cheti cha ndoa cha kaunti: jina la mchungaji aliyefungisha litakupeleka kanisani kwake.

Zinafuata tanzia za magazeti ya Kijerumani. Karibu kila mji wenye Wajerumani ulikuwa na gazeti lao. Baltimore ilikuwa na Der Deutsche Correspondent kuanzia 1841 hadi 1918, na magazeti mengi ya aina hiyo yamewekwa bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Tanzia ya Kiingereza husema marehemu alizaliwa Ujerumani. Ile ya Kijerumani husema kijiji. Kutafuta kwa kompyuta humo kunakwama mara kwa mara, kwa sababu magazeti yalichapwa kwa herufi za Fraktur, chapa ya kale ya Kijerumani, na mashine huzisoma vibaya: s ndefu inasomwa f, k inasomwa t. Ukijua tarehe ya kifo, acha kutafuta kwa jina. Fungua matoleo ya siku nne au tano zilizofuata, usome kwa macho.

Hati za uraia zinategemea tarehe moja: 27 Septemba 1906. Kabla yake, mahakama yoyote yenye daftari ilitoa uraia kwa fomu ya aina yake, na fomu nyingi zinasema tu kwamba mtu huyu anamkana mfalme wa Prussia. Hilo nalo ni jambo, linakupa utawala. Baada ya tarehe hiyo fomu zikawa za namna moja nchi nzima, zikauliza mahali halisi pa kuzaliwa, jina la meli na siku ya kufika. Kawaida kulikuwa na hatua mbili: hati ya nia, kisha ombi lenyewe baada ya jumla ya miaka mitano ya kukaa nchini. Hatua hizo zingeweza kufanyika katika mahakama za majimbo mawili tofauti, kwa hiyo usikate tamaa ukipata moja tu. Mke hana hati yake kabla ya 1922, kwa sababu alifuata uraia wa mume. Na kama babu alichukua shamba la serikali chini ya sheria ya mashamba ya 1862, jalada la shamba hilo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huwa na nakala ya hati yake ya uraia ndani, kwani ilimbidi athibitishe kuwa raia ndipo apewe hatimiliki. Majalada ya pensheni ya askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe nayo yafunguliwe. Mjane alitakiwa kuthibitisha ndoa, na wengine walithibitisha kwa cheti kutoka Ulaya.

Tumefika kwenye meli, na hapa watu huwa na matumaini makubwa kuliko yanayostahili. Orodha za abiria walioingia Marekani zinaanza 1820, na kwa miaka sabini hivi zilikuwa fupi: jina, umri, jinsia, kazi, nchi. Ndipo kuanzia 1893 zikauliza makazi ya mwisho na aendako mtu, na mwaka 1906 na 1907 zikaongezwa mahali pa kuzaliwa na jina la ndugu aliyeachwa nyumbani. Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Kabla yake New York ilitumia Castle Garden, kuanzia 1855 hadi 1890, na kabla ya hapo watu walishuka gatini tu. Wajerumani wengi walifika kabla ya Ellis Island kuwapo, kwa hiyo anayewatafuta humo tu anachungulia chumba kimoja cha nyumba kubwa.

Upande wa kuondokea ni bora zaidi, lakini si kwa bandari zote. Hamburg ilihifadhi orodha za 1850 hadi 1934, zenye pengo la miaka ya vita, na orodha hizo zinataja mji au kijiji alikotoka abiria. Kuna seti mbili: waliokwenda moja kwa moja, na waliopita Uingereza, walioshuka Hull, wakakata nchi kwa treni hadi Liverpool. Anayemkosa mtu wake katika seti ya kwanza asisahau ya pili. Bremen ndiyo huzuni yetu. Iliandika abiria tangu 1832, lakini kuanzia 1875 orodha zilizozidi miaka mitatu ziliteketezwa kwa kukosa nafasi, na nyingi za baadaye zikapotea katika Vita vya Pili. Zilizosalia ni za 1920 hadi 1939. Yule Friedrich Trump aliondoka Bremen Oktoba 1885 akiwa na miaka 16, kabla ya kuitwa jeshini. Orodha yake ya Bremen haipo, na kumbukumbu ya safari ni ile ya kufika New York. Watu wa kusini walipitia sana Le Havre, kwa sababu meli zilizoleta pamba kutoka New Orleans zilihitaji shehena ya kurudi nayo, na shehena hiyo ilikuwa watu. Ndivyo tumbaku ya Baltimore ilivyowavuta watu wa Bremen. Ukijua biashara, unakisia bandari.

Ikiwa yote haya hayakutoa kijiji, mwache babu kwa muda, mgeukie jirani. Wajerumani hawakuhama mmoja mmoja. Waliitana: kaka alimwandikia kaka, mchumba alimfuata mchumba, vijana watano wa usharika mmoja walipanda meli moja na kununua mashamba yanayopakana. Chora ramani ya mashamba yaliyomzunguka babu katika sensa. Andika wasimamizi wa ubatizo wa wanawe, mashahidi wa ndoa yake, waliomdhamini uraia, waliozikwa safu moja naye. Kisha tafuta kijiji cha kila mmoja wao. Wakitokea watatu wa kijiji kimoja, fungua vitabu vya kijiji hicho. Njia hii ni ya polepole, inachosha, na ndiyo inayofungua milango mingi iliyogoma.

Kuhusu majina kuna hadithi inayopendwa sana, kwamba karani wa Ellis Island alibadilisha jina. Haikuwa hivyo. Karani alisoma orodha iliyoandikwa kwenye bandari ya kuondokea. Hakuwa na daftari la kuandikia majina mapya. Majina yalibadilika baadaye, shuleni, kazini, kwenye hati za ardhi, na mara nyingi mwenyewe aliyataka yabadilike. Mengine yalitafsiriwa: Zimmermann, fundi seremala, akawa Carpenter, Schneider, mshonaji, akawa Taylor au Snyder, Fuchs, mbweha, akawa Fox, Koch, mpishi, akawa Cook. Mengine yalifuata sikio. Jäger, mwindaji, akawa Yeager. Herufi zenye nukta mbili juu zilipoteza nukta au zikaongezewa e, hivyo Köhler, mchoma mkaa, hutafutwa kama Kohler, Koehler, Kaler na Caler. Tena lahaja nyingi za Kijerumani hazitenganishi b na p, d na t, g na k, kama kwetu wapo wanaochanganya l na r. Daubert na Taubert waweza kuwa mtu mmoja.

Majina ya ubatizo nayo yana kanuni yake. Wavulana wanne wa nyumba moja waliweza kuitwa Johann Georg, Johann Adam, Johann Peter na Johann Heinrich. "Johann" hapo ni la mbele tu, na mtu aliitwa kwa jina la pili. Marekani atakuwa George, Adam, Peter na Henry. Mwanamke katika vitabu vya kale huongezewa -in mwishoni, hivyo Müllerin ni binti au mke wa Müller, si ukoo mpya. Neno fupi "geb." baada ya jina la mwanamke hutangulia jina la ukoo wa kwao. Huko Westfalen, mwanamume aliyeoa katika shamba alichukua jina la shamba hilo, na kitabu kitaandika majina mawili yenye neno "genannt", yaani aitwaye, katikati. Baba na mwana wakawa na majina tofauti kihalali. Huko Ostfriesland, watu walitumia jina la baba kama sisi tusemavyo Ali bin Juma, mpaka amri ya Napoleon ya 1811 ilipowataka wawe na jina la kudumu. Wayahudi wa Ujerumani, ambao nao ni sehemu ya uhamiaji huu, walipata majina ya kudumu kati ya 1808 na 1813 katika tawala nyingi. Levi Strauss wa suruali za dengrizi alizaliwa Löb Strauss huko Buttenheim, Bavaria, mwaka 1829.

Haya, kijiji kimepatikana, lakini kimeandikwa kwa sikio la Mmarekani. Kitafute katika kamusi ya mahali ya Meyer, toleo la 1912 la Dola ya Ujerumani, iliyowekwa bure kwenye tovuti ya meyersgaz.org. Inakubali kinyota mahali pa herufi usizozijua, na inakueleza wilaya, ofisi ya vizazi na vifo, na kama kijiji kilikuwa na kanisa lake au waumini walikwenda kijiji cha jirani. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu vijiji vingi vidogo havikuwa na kanisa. Ukikuta Neustadt au Neukirchen usishangilie, ziko nyingi mno. Rudi kwenye hati uangalie vifupisho vya Kr., A. au O.A., ndivyo vinavyotaja wilaya. Kijiji kikiwa Pommern, Schlesien au Ostpreussen, leo kwa kawaida kiko Poland au Urusi na kina jina lingine: Stettin ni Szczecin, Breslau ni Wrocław. Vitabu vya huko vimegawanyika kati ya hifadhi za Poland na Ujerumani, na vingine viliteketea vitani. Na kuna "Wajerumani" ambao hawakutoka Ujerumani kabisa, hasa wa Kansas na Nebraska: mababu zao waliitikia mwito wa Katarina wa Urusi wa mwaka 1763, wakalima kando ya Volga kwa zaidi ya miaka mia moja ndipo wakahamia Marekani. Sensa ikisema "Russia" na lugha "German", mfuate huko.

Vitabu vyenyewe ni vya aina mbili. Uandikishaji wa kiserikali ulianza Prussia tarehe 1 Oktoba 1874 na Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876. Magharibi ya Rhein ulianza 1798, chini ya Wafaransa, kwa hiyo huko mtarajie miaka ya kalenda ya mapinduzi hadi mwisho wa 1805. Kwa waliohama kabla ya 1874, tegemeo ni kanisa: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi. Baadhi ya sharika za Kilutheri zina vitabu tangu karne ya 16, na Wakatoliki waliagizwa kuviandika baada ya Mtaguso wa Trento mwaka 1563, ila Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, viliteketeza vingi. Vya Kiprotestanti vingi viko kwenye tovuti ya Archion, kwa malipo. Vya Kikatoliki vingi viko kwenye tovuti ya Matricula, bure. Tovuti ya FamilySearch ina vya pande zote mbili bure, lakini baadhi ya picha zinafunguka tu ukiwa ndani ya kituo chao. Württemberg wana zawadi ya pekee: tangu 1808 kila usharika ulitunza daftari la familia, mume, mke na watoto kwenye ukurasa mmoja, na pambizoni mchungaji aliandika "nach Amerika", yaani kaenda Amerika. Huko na Baden yapo pia majalada ya ruhusa za kuhama, kwa sababu mtu alitakiwa kutangaza aondoke akiwa amelipa madeni. Waliotoroka hawana jalada.

Kikwazo kikubwa hapo ni mwandiko. Vitabu vimeandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa kale wa Kijerumani, ambao Mjerumani wa leo naye hausomi bila kufundishwa. Herufi e inafanana na n. U ina kijiduara juu ili isichanganywe na n. H inapanda juu na kushuka chini ya mstari. Kistari juu ya m au n maana yake herufi ni mbili. Herufi kubwa K na R, B na L, huwapotosha hata wazoefu. Jifunze kwa kuandika, si kwa kutazama: andika jina la ukoo wako na la kijiji mara ishirini kwa Kurrent, na jicho litaanza kuliona lenyewe kwenye ukurasa. Tarehe zinaanza na siku kama zetu, ila "7ber" ni Septemba, "8ber" Oktoba, "9ber" Novemba na "10ber" au "Xber" Desemba, kutokana na Kilatini. Kosa la kuisoma 7ber kuwa Julai limeharibu koo nyingi. Na atakayejifunza mwandiko huu amepata ufunguo wa mlango mwingine, kwa sababu nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizoko katika hifadhi ya taifa Dar es Salaam zimeandikwa kwa mkono huo huo, na watu wetu wanaoweza kuzisoma ni wachache. Tunao urithi wa maneno, kama "shule" na "hela". Urithi wa karatasi bado unasubiri wasomaji.

Umempata mtoto mwenye jina na tarehe? Usimchukue bado. Soma kitabu cha mazishi cha miaka kumi inayofuata. Watoto wengi walikufa, na wazazi walimpa anayefuata jina la marehemu; msalaba mdogo kando ya jina la ubatizo ni alama ya kifo. Kisha tazama kama mtu huyo ameoa au kuzikwa kijijini baada ya mwaka ambao babu yako alikuwa tayari Ohio. Mambo matatu yakubaliane: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, na angalau mtu mwingine mmoja, mzazi, ndugu au mke. Jiwe la kaburi likitoa umri kwa miaka, miezi na siku, toa hesabu upate siku ya kuzaliwa, ukikubali tofauti ya siku moja au mbili. Na usipomwona chini ya jina la baba, mtafute chini ya jina la mama. Tawala kadhaa, Bavaria na Mecklenburg zikiwemo, ziliwanyima maskini kibali cha kuoa, hivyo watoto wengi walizaliwa kabla ya ndoa, na wazazi wao wakafunga ndoa walipofika Baltimore au New York. Hapo hakuna aibu ya ukoo, palikuwa na sheria kali.

Vipimo vya vinasaba vinavyosema "asilimia 38 Mjerumani" havitaji kijiji. Faida yake ni orodha ya watu mnaoshabihiana damu, ambao huenda wao wana ile Biblia. Na wanaotarajia pasipoti ya Ujerumani wajue kwamba chini ya sheria ya 1870, Mjerumani aliyekaa ng'ambo miaka kumi bila kujiandikisha ubalozini alipoteza uraia. Sheria hiyo ilikoma mwaka 1914. Aliyehama kabla ya 1904, kwa kawaida, hakuwa na uraia wa kuwarithisha.

Mwisho ni barua. Tangu 2009 ofisi za Ujerumani huhamishia vitabu kwenye hifadhi ya nyaraka baada ya muda maalumu: vizazi miaka 110, ndoa 80, vifo 30. Ndani ya muda huo iandikie ofisi ya vizazi na vifo, Standesamt, na utatakiwa kuthibitisha kwamba wewe ni mzao wake. Baada yake iandikie hifadhi ya mji au wilaya. Andika kwa Kijerumani, mistari isiyozidi kumi, mtu mmoja kwa barua moja: jina, tarehe, mahali, uhusiano wako, na kwamba utalipa ada ukiambiwa kiasi. Usiombe cheti cha kuzaliwa, Geburtsurkunde, kwa maana utapewa muhtasari uliochapwa. Omba nakala ya picha ya ukurasa mzima wa daftari pamoja na maandishi ya pambizoni, Randvermerke. Humo pambizoni ndimo makarani walimoongeza miaka mingi baadaye ndoa ya mtu, kifo chake, na mji alikofia.